Fu ya Langoni Kwetu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mwaka mzima, nililala chini ya maneno "Nguruwe wanono wajae zizini." Yaliandikwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu, hati nzuri kabisa ya Mwalimu Xue, na yalibandikwa ukutani kichwani pa kitanda, mahali ambapo maharusi wengine wote wa kijiji chetu cha Nangou hubandikiwa "Inua macho uone furaha." Furaha yangu mimi walibandikiwa nguruwe kule zizini. Nao nadhani waliinua macho wakaiona, maana mwaka ule walinenepa si mchezo.

Aliyebandika ni mama mkwe wangu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani namficha. Hakuna anayejivunia mwanamke yule kunishinda mimi, hata wanawe wa kuwazaa, na anayetaka kubishana aje hapa tubishane.

Mambo yalikwenda hivi. Niliolewa na Dang Gengsheng mwezi wa kumi na mbili, Mwaka Mpya ukiwa mlangoni. Kwetu, siku ya mkesha kila kitu huvishwa nyekundu: lango, jiko, ghala, mkokoteni, kisima, hata banda la mifugo. Mwalimu Xue wa shule ya kijiji huwaandikia watu wote. Baba mkwe, Mzee Dang, ambaye husoma kidogo, huzipanga karatasi mezani, hii kwanza, hii ifuate, na mama mkwe huzibandika kwa mpangilio huo huo, kwa sababu yeye hakujua hata herufi moja. Mwaka ule upepo uliingia uani ukazipeperusha. Mzee alikuwa amekwenda kuchukua nyama, Gengsheng anapasua kuni, na mimi bibi harusi niko jikoni nakunja jiaozi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, vya nyama na kabichi. Mama mkwe akaziokota karatasi, akazipanga kwa kukisia, akabandika.

Nilipoingia chumbani nikayaona yale maneno, damu ilinipanda. Nikanyoosha mkono niyang'oe. Gengsheng akanidaka kiwiko.

"We! Usiguse! Unataka kutuchania baraka?"

"Baraka gani? Hebu isome kwanza."

Akasoma. Akacheka mpaka akakaa chini, lakini mkono wangu hakuuachia, nami moyoni nilijua ana haki. Karatasi nyekundu ikishabandikwa mkesha wa Mwaka Mpya haibanduliwi. Iwe imepinda, iwe na kosa, itakaa pale pale mpaka jua na mvua viimalize, au mpaka mkesha mwingine ifunikwe na mpya. Anayeichana anachana bahati ya nyumba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi, siku ya kwanza ya mwaka, ukoo wa Dang ukaja kumtazama bibi harusi. Aliyetangulia alikuwa Mama Shuan, mke wa mdogo wake baba mkwe, jirani yetu ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake hauna komeo. Yeye naye hasomi, lakini alikuja na mumewe anayesoma, na huyo bwana akasoma kwa sauti.

"Haa! Mama Gengsheng!" Mama Shuan akapiga makofi. "Kumbe mkamwana umemleta wa kufuga! Basi mlishe vizuri, shoga, mwakani tuchinje!"

Watu walicheka hata chai ikawamwagikia. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la karanga, hajui karatasi imesema nini, anatazama midomo ya watu huyu baada ya huyu. Baba mkwe angeweza kufunika kombe mwanaharamu apite. Badala yake akasema mbele ya wote, "Mnashangaa nini? Huyu mtu wangu wa ndani ni kipofu mwenye macho."

Mama mkwe aliliweka sinia mezani, akaenda jikoni. Nikamfuata nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anachochea moto kwa nguvu, uso umemwiva.

"Maixiang," aliniita bila kugeuka. "Ile ya langoni, kubwa, inayokaa peke yake. Inaitwaje?"

"Fu, Mama. Ndiyo baraka."

"Unajua kuiandika?"

"Najua."

"Basi utanifundisha. Mwakani ile ya langoni naandika mimi. Hizo nyingine ndefu ndefu waandike wenyewe."

Nilielewa anaomba nini. Lango ndilo uso wa ukoo. Apitaye barabarani huiona fu ya langoni kabla hajamwona mtu yeyote wa nyumba ile, na kwa fu hiyo huwapima wenyewe. Langoni kwa Dang hakuwahi kuandika mwanamke. Na akiiharibu, haitabanduliwa. Itaning'inia pale mwaka mzima ikimcheka yeye na sisi sote, na Mama Shuan atakuwa anaipita kila anapokwenda kisimani.

"Mama, una hakika?"

"Mimi nilikuuliza kama una hakika ulipokuja kuolewa na mwanangu?"

Tukaanza baada ya sikukuu. Ubao wa kukandia unga ndio uliokuwa daftari letu. Tulinyunyiza unga kidogo, nami nikaandika kwa kidole, naye akaandika chini yake. Nilidhani shida itakuwa mikono yake. Nilijidanganya. Mikono ya mama mkwe wangu inajulikana vijiji vyote vya karibu: kukiwa na arusi au mtoto kutimiza mwezi, wanamwita yeye afinyange mikate ya maua, na kutoka kwenye donge la unga atakutolea chui mwenye masharubu, ndege mwenye mkia, komamanga lililopasuka mpaka mbegu zinaonekana. Shida ilikuwa ubishi. Alitaka kuanzia chini.

"Herufi huanzia juu, Mama. Juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia."

"Nyumba haijengwi kuanzia paa. Nani alisema tuanzie juu?"

"Waliosema walikufa zamani."

"Ndiyo maana hawawezi kujibu," akasema, lakini akaanzia juu.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kujua sababu, ikabidi nimpasulie herufi yenyewe vipande vipande. Nikamwonyesha upande wa kushoto, ambao zamani ulikuwa meza ya sadaka, mahali mtu anapoombea. Upande wa kulia, mstari mmoja juu, ndiyo "moja". Chini ya mstari, mdomo. Chini ya mdomo, shamba, lenye mipaka yake minne na njia mbili zinazokatana katikati.

Alikodoa macho kwenye unga. Mashamba yalikuwa yamegawiwa kwa kila nyumba si zamani sana, na sisi tulikuwa tumepata kipande chetu juu ya korongo. Kabla ya hapo mama mkwe alikuwa amelima maisha yake yote shamba lisilokuwa la mtu.

"Yaani mtu anaomba," akasema polepole, "apate mdomo mmoja na shamba lake."

"Ndivyo watu wanavyoisoma."

"Hiyo tu?" Akapiga ubao unga ukaruka. "Hii si herufi ya mkulima hii? Sasa mbona wameifanya siri miaka yote?"

Toka siku ile hakuhitaji kusukumwa. Aliiandika kwa kijiti kwenye majivu ya jiko. Aliiandika kwa maji juu ya matofali ya ua, ikikauka anaiandika tena. Akawa anaitafuta kila mahali kama mtu aliyepoteza kuku. Aliikuta kwenye mfuniko wa kopo la chai, akaikuta kwenye mfuko wa pipi za arusi ya watu. Siku moja nilisikia kelele jikoni, nikakimbia nikidhani ameungua. Alikuwa ameshika bakuli lake la uji, lile alilokuja nalo kutoka kwao alipoolewa, limegeuka rangi kwa uzee. Ndani, chini kabisa, palikuwa na alama ya buluu iliyofifia.

"Maixiang, niambie kama naota. Hii siyo yenyewe?"

Nikalisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa yenyewe.

"Mama yangu alinipa bakuli hili," akasema. "Naye hakujua kusoma. Alisema tu, chukua hili, lina maua mazuri." Akakaa chini kando ya jiko na lile bakuli mapajani. "Mimi nimekula juu ya baraka tangu nikiwa mwari, nikifikiri ni maua."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye. Halafu akaniambia nisimame, viazi vinaungua.

Baba mkwe hakupendezwa. Kila alipotukuta na ule ubao alitikisa kichwa. "Unga si wa kuchezea. Na wewe, bibi, samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka."

"Mimi si samaki," mama mkwe akamjibu bila kuinua macho. "Halafu wewe uliyekunjwa ukiwa mbichi, mbona kila siku unalalamika mgongo?"

Mzee akaenda zake kuvuta kiko. Si mtu mbaya, baba mkwe. Ni mtu anayeogopa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo huwahi kucheka yeye kwanza.

Wakati huo tumbo langu lilikuwa linakua. Mama Shuan alikuwa akichungulia juu ya ukuta kila asubuhi. "Mama Gengsheng! Naona yule wako wa kufuga amenona!" Mimi nina ulimi wangu pia, sikumwacha. Nilimwambia zizi letu likijaa tutamtumia mmoja, maana lake lina panya watupu. Msimu wa mavuno nikajifungua binti, mnene, mashavu kama mikate iliyoumuka, na kijiji kizima kikasema ile karatasi ya nguruwe imefanya kazi. Nikawaacha waseme. Mtoto mnene si aibu.

Mwanangu alipotimiza mwezi, mama mkwe alifinyanga mkate mkubwa wa sherehe, na juu yake akaitandika fu kwa vipande vya unga, akaipaka rangi nyekundu. Ilikuwa imesimama vizuri, shamba limefungwa kona zote, mdomo umekaa juu yake. Wageni wakasifu. Mama Shuan akauzunguka ule mkate mara mbili.

"Mzuri," akasema. "Mkamwana wako amekuchorea, eeh?"

"Nimeiandika mwenyewe."

"Haya, haya. Na mimi jana nilimwandikia gavana." Watu wakacheka tena, safari hii kidogo tu, lakini mama mkwe aliwasikia.

Usiku haujaingia akaniambia, "Unga basi. Nataka brashi na wino, na nataka waone mkono wangu ukitembea."

Brashi ni mnyama mwingine. Unga unakusubiri, ukikosea unaufuta kwa kiganja. Wino hausubiri mtu. Mwalimu Xue alinipa brashi yake kuukuu na magazeti ya zamani ya kufanyia mazoezi, na akanikumbusha sheria ambayo kila aliyeshika brashi kwetu amechapwa kwa ajili yake: mstari ukishapita, haurudiwi. Huchovyi tena ukapaka juu, hutengenezi ncha, hujazi palipopungua. Mstari uliorudiwa unajulikana hata na kipofu. Unakuwa kama uso uliopakwa poda juu ya jasho. Na kwa fu ni zaidi, kwa sababu fu iliyotiwa kiraka ni baraka iliyotiwa kiraka.

Fu zake za kwanza zilikuwa kama kuku amekanyaga matope. Meza ya sadaka ililala, mdomo ukameza shamba. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku moja nikampigia kelele. "Mama! Usiifinye brashi! Siyo shingo ya bata!"

Akaiweka chini. "Hapa mama mkwe nani? Mimi au wewe?"

"Mama mkwe ni wewe. Mwalimu ni mimi."

Nikajua nimekwisha. Akanitazama, nami nikamtazama, mtoto akalia, na ghafla yule mwanamke akacheka mpaka akajipaka wino shavuni. "Loo, Gengsheng ameoa chui," akasema. Akaishika brashi upya, safari hii kwa ulegevu, jinsi anavyoshika kijiti cha kuchorea macho ya chui wake wa unga, na mstari ukatoka umenyooka. Kijiti kile! Laiti ningelikumbuka mapema. Kutoka siku hiyo magazeti yalijaa fu moja baada ya nyingine, tukawa tunawashia moto magazeti meusi tititi.

Siku chache kabla ya mkesha, baba mkwe alirudi kutoka sokoni na bomba la karatasi kwapani. Akalikunjua mezani. Ilikuwa fu ya kiwandani, ya dhahabu, ina samaki wawili na maua ya yungiyungi, inang'aa mpaka unafumba macho.

"Ya langoni hii," akasema. "Yako utaibandika ghalani."

"Panya waisome?" mama mkwe akamuuliza.

"Bibi, nisikilize. Ikishakaa, imekaa. Mwaka huu waliotucheka walikuwa chumbani. Ya langoni watacheka mpaka wapita njia. Mimi sina mwaka mwingine wa kuchekwa."

Alisema kweli yake, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma kidogo. Mama mkwe alikunja mikono ya koti lake akaenda kukanda unga wa sikukuu.

Asubuhi ya mkesha jua lilitoka kali, baridi imetulia. Mama mkwe akatoa meza uani, akatandaza karatasi nyekundu moja, ya mraba, akaigeuza isimame kwa kona jinsi fu ya lango inavyokaa. Nikamsagia donge la wino kwa maji. Sijui nani alipeleka habari, ila nadhani ni mimi, kwa sababu niliitangaza kisimani makusudi. Basi walikuja: Mama Shuan na mbegu zake za alizeti za kutafuna, wanawake wa mtaa wetu, wazee wawili watatu. Baba mkwe alisimama ukumbini na fu yake ya dhahabu mkononi, tayari kwenda langoni.

"Kuna karatasi ngapi?" Mama Shuan akauliza.

"Hii," mama mkwe akasema.

Akachovya. Akaweka nukta ya juu ya meza ya sadaka, nzito, imara. Akavuta mstari, akageuka, akashuka. Hakuna aliyetafuna mbegu. Upande wa kulia akaweka ule mstari mmoja, akaufunga mdomo, kisha akaanza shamba: mpaka wa kushoto, kona, mpaka wa kulia. Mkono ulikuwa unatembea wenyewe. Akaweka njia za katikati. Ukabaki mstari wa mwisho, ule wa chini, unaofunga kila kitu. Akauanza vizuri, lakini wino ulikuwa umekwisha kwenye brashi. Mstari ukaenda ukichanika, mweusi na mwekundu, mpaka ukafika mwisho ukiwa nyuzi nyuzi.

"Aaa!" Mama Shuan akasema. "Ufagio umepita hapo!"

"Chovya," baba mkwe akanong'ona kutoka ukumbini, tena kwa sauti ya kusihi. "Chovya upake juu. Mstari mmoja tu. Nani atajua?"

Nakiri mkono wangu ulitaka kuikamata ile brashi niimalize mimi. Mama mkwe aliilaza juu ya kidau, akanisukuma kwa kiwiko.

"Haurudiwi," akasema.

"Lakini umechanika!"

"Hilo ni shamba." Akamgeukia mumewe. "La kwetu pale juu ya korongo halina mawe? Umewahi kulipaka rangi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na hakikuwa kile kicheko cha kudharau. Mama mkwe akaipepea karatasi mpaka ikakauka, akachukua bakuli la uji wa gundi, akabeba benchi kwapani, akatoka langoni. Sote tukamfuata. Baba mkwe akatufuata na dhahabu yake.

Akaweka benchi, akapanda. Benchi letu lina mguu mmoja mfupi, likayumba. Akapaka gundi kwenye ubao wa lango, juu ya mabaki ya fu zote za miaka iliyopita, huku anayumba.

"Shuka," baba mkwe akasema. "Utaanguka."

"Kama unaogopa nitaanguka, shika benchi."

"Nimeshika karatasi."

Ndipo alipogeuka huko juu, gundi inamchuruzika mkononi, akamwambia bila kupaza sauti, na sote tulisikia: "Baba Gengsheng, tangu nimeingia nyumba hii mimi ndiye ninayepika gundi ya lango hili. Mimi ndiye ninayepanda. Kila mwaka nimebandika nisichokijua, nikaomba Mungu wa jiko kisiwe kibaya. Leo najua ninachobandika. Hata kama ni kibaya, najua ni nini. Sasa shika benchi."

Mzee alisimama. Alitazama ile dhahabu, akatazama lile benchi, na sijawahi kumwona mtu akifikiri kwa uso wote namna ile. Kisha akamgeukia Mama Shuan akamsukumia fu ya kiwandani kifuani.

"Chukua, shemeji. Kabandike kwako. Kwetu tunayo."

Akainama, akalishika benchi kwa mikono miwili.

Mama mkwe akaiweka karatasi langoni. Akaipiga kwa kiganja, kona ya juu, kona ya chini.

"Kushoto kidogo," baba mkwe akasema kutoka chini, shingo imemkakamaa. "Zaidi. Basi! Inua kona hiyo. Hapo hapo. Usiiguse tena!" Alikuwa mkali kama fundi, na mimi nikageukia ukuta nicheke nisionekane.

Kesho yake, siku ya kwanza ya mwaka, wanaume wa ukoo walipita nyumba kwa nyumba kutoa salamu, wakiongozwa na Mzee Kuiwu, mkubwa wa ukoo wetu, mtu anayesimama mbele ya kila lango na kulitolea maoni utadhani ananunua ng'ombe. Mama Shuan na wanawake wengine walikuwa nyuma yao. Baba mkwe alikuwa ametoka kuwapokea tangu mapema mno, kofia mpya kichwani, mikono ndani ya mikono ya koti. Kumbe alikuwa anamsubiri mtu wa kuuliza.

Mzee Kuiwu akasimama. Akaitazama fu kwa muda.

"Hii si ya Xue," akasema. "Xue ana mkono mwepesi. Huyu ni mtu aliyefanya kazi. Tazama mstari wa chini ulivyokauka, na hakurudia. Vijana wa siku hizi wangerudia. Nani kaandika?"

Baba mkwe akakohoa. Akanyoosha mgongo, ule mgongo wake wa kulalamikiwa.

"Lei Yinhuan," akasema.

Watu wakatazamana. Mzee Kuiwu akakunja kipaji cha uso. "Lei Yinhuan? Huyo ni wa kijiji gani?"

"Ni yule mwalimu mpya wa wilayani?" mtu mwingine akauliza. Mama Shuan, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta maisha yote ya utu uzima wao, akatikisa kichwa, hamjui. Na mimi, niliyemshika mkono nikamfundisha, niliyekula naye chungu kimoja tangu niolewe, nilikuwa nalisikia jina lile kwa mara ya kwanza.

"Mke wangu," baba mkwe akasema, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Lei Yinhuan ni mke wangu!"

Nyuma yetu, ndani ya lango, mama mkwe alikuwa amembeba binti yangu. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, hakuwahi kuitwa jina na mwalimu yeyote. Lakini aliposikia lake, alisimama wima, akanipa mtoto, akaitika mbele ya ukoo mzima wa Dang:

"Nipo!"